T ya Tabora kwenye kopo la bibi

Meza yangu ya kazi iko Mashine Tatu, Iringa mjini, na kifaa ninachokitunza kuliko vyote juu yake ni hadubini. Niliinunua kwa ajili ya bodi za simu, nipate kuona njia zilizokatika ambazo jicho tupu halizioni. Mchana kutwa chini ya lenzi yake kunakuwa na simu iliyoingia maji au iliyokwishachokonolewa na fundi mwingine. Jioni, wateja wakiisha, naweka sarafu.

Mazoea haya yalianzia Lupembe, mkoani Njombe, kwa bibi yangu mzaa mama. Nilikwenda kumsalimia wakati wa masika, barabara tope tupu tangu tulipoiacha lami, nikafika giza linaingia. Tukasalimiana "kamwene", nikaota moto, nikala. Kisha akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano, macho yake hayaoni tena tundu. Sindano za bibi zinakaa kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na vifungo, funguo ambazo kufuli zake zilishapotea, na rundo la sarafu. Baadhi zilikuwa zimetungwa kwenye kamba ya katani kupitia tundu la katikati.

"Hizi za nani, bibi?"

"Hela za Mjerumani na za Mwingereza hizo. Za baba yake babu yako. Nyingine mama yako na ndugu zake walizichezea zikapotea. Nyingine, zile za tundu, babu yako alizipigilia juu ya bati la jikoni, ili msumari usivujishe. Zilizobaki ndizo hizo. Chukua ukaziangalie, mjukuu wangu, lakini zirudi."

Nikarudi nazo Iringa, ishirini na tatu, zimefungwa kwenye leso. Wakati ule nilichokitafuta kwenye sarafu ni mwaka tu. Nilizipanga mezani kwa miaka, kongwe mbele, nikadhani nimemaliza kazi.

Kilichonigeuza ni sarafu moja ya manjano iliyofifia, pana, kingo zake hazilingani, taji lake limepigwa upande mmoja kwa nguvu kuliko mwingine. Niliisogeza chini ya taa ya hadubini nikasoma upande wa taji: D.O.A., 1916, na herufi T. Upande wa pili, ndani ya duara la majani: 20 HELLER. D.O.A. haikunisumbua, ni kifupi cha jina la Kijerumani la koloni hili, Deutsch-Ostafrika. T ndiyo iliyonikosesha usingizi. Sarafu nyingine za Kijerumani kwenye rundo lile zilikuwa na herufi pia, lakini hakuna iliyokuwa na T. Zilikuwa na J, na mbili tatu A.

Herufi hiyo ndogo ni alama ya kiwanda kilichoipiga sarafu. Dola yenye viwanda vingi ilihitaji kujua kila sarafu imetoka mkono upi, ili ikipatikana nyepesi au ya madini yaliyochakachuliwa, mwenye kosa ajulikane. Wajerumani walizigawa herufi kwa miji: A ni Berlin, D ni München, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe, J ni Hamburg. Mpaka leo sarafu za euro zinazotoka Ujerumani zina herufi hizo hizo tano. Zilizoletwa huku kwetu kuanzia 1904 zilitoka Berlin na Hamburg, ndiyo maana kwenye kopo la bibi nilikuta A na J.

Mwaka huo wa 1904 ndipo Wajerumani walipoiacha hesabu ya rupia moja kwa pesa 64, wakaleta rupia moja kwa heller 100. Sarafu ya heller imekufa zamani, jina lake tumebaki nalo kinywani. Anayesema "sina hela" pale stendi ya Ipogolo anaitamka sarafu ya Berlin na Hamburg bila kujua. Nalipenda sana jambo hili, na huwaambia wateja wangu hata wasipouliza.

Sasa niseme kosa langu, maana sitaki mtu alirudie. Kati ya sarafu za bibi kulikuwa na heller moja ya 1905, nyeusi, imeshika uchafu wa miaka. Kwa mazoea ya kazi yangu nikaitia kwenye limau na chumvi, kisha nikaisugua kwa mswaki mgumu na majivu, ikang'aa kama kichwa cha msumari mpya. Nilipoirudisha chini ya lenzi, chini ya neno HELLER, mahali pa herufi, palikuwa laini. Ile alama ilikuwa imebaki nyembamba kama unywele, na mimi ndiye niliyeimaliza. Ingekuwa ya 1910 nisingepoteza kitu, kwa sababu heller moja za kuanzia 1907 hadi 1912 zilipigwa Hamburg peke yake. Mwaka ungenitajia kiwanda. Lakini 1904, 1905 na 1906 Berlin na Hamburg walipiga wote wawili. Ile heller haina tena mtu wa kuisemea. Inang'aa, na haijulikani ilikotoka.

Tangu siku hiyo sisugui. Vumbi napuliza, tope kavu nalilowesha kwa maji safi na kuliacha lijiachie lenyewe, nakausha kwa kitambaa bila kusugua. Ule weusi wa shaba kuukuu hauiharibu sarafu, unaikinga. Na herufi iliyofifia haitaki nguvu, inataka mwanga: zima taa ya juu, leta tochi ya simu kwa ubavuni, karibu kabisa na meza, uizungushe sarafu taratibu. Kivuli kitaichora herufi ambayo mwanga wa juu ulikuwa unaifuta. Usiitafute mahali pamoja tu. Majirani zake wa kawaida ni mwaka na thamani, lakini kila aina ya sarafu ina desturi yake.

Narudi kwenye T.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani yetu. Sarafu za A na J zilikuwa zikija kwa meli, na meli zikakoma. Huku ndani askari walitaka mshahara, wapagazi ujira, wenye chakula malipo yao, na kila aliyekuwa na sarafu ya chuma aliificha, kama watu wafanyavyo vita vinapokaribia. Serikali ikachapa noti humu humu nchini, lakini karatasi ya serikali inayoshindwa nani aihifadhi? Basi huko Tabora, kwenye karakana ya reli, mashine za kutengenezea treni zikageuzwa kazi. Mwaka 1916 mafundi wa karakana wakapiga sarafu. Za heller 5 walizipiga kwa shaba ya manjano, za heller 20 kwa ya manjano na kwa shaba nyekundu, na maganda ya risasi na mizinga yakayeyushwa ili madini yapatikane. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida, wakapiga sarafu za rupia 15 zenye tembo amesimama mbele ya milima. Za dhahabu zilikuwa 16,198 tu. Zote zikawekwa T, herufi ya Tabora.

Mimi ni fundi, na hapa ndipo sarafu hii inaponishika moyo. Ukiitazama ya Hamburg kwa hadubini, kila kitu kimenyooka, herufi zote zimesimama kama askari wa gwaride. Ukiitazama ya Tabora unauona mkono wa mtu. Mihuri ya chuma ya kupigia ilichongwa pale pale, na haikufanana. Zipo heller 20 zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Zipo ambazo kwenye neno HELLER ncha za herufi L zimechongoka, zipo ambazo L moja imejikunja, zipo zilizojikunja zote mbili. Ya bibi zimejikunja zote mbili. Niliitazama L ile ya pili kwa muda mrefu, ncha yake inapanda juu kidogo kama mkia wa jongoo, nikamfikiria aliyeinama juu ya kile chuma na patasi yake, vita vikiwa njiani vinakuja.

Viwanda vya Ujerumani vina herufi zao, vya Uingereza vina zao. Kati ya zote zilizowahi kupita mikononi mwa wazee wetu, T ndiyo pekee ya kiwanda kilichosimama kwenye ardhi yetu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba karne nyingi kabla ya hapo, zenye majina yao kwa Kiarabu na maneno ya pande mbili yaliyotiwa vina, jambo zuri mno, ila alama ya kiwanda hawakuwa na haja nayo.

Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Askari wa Kijerumani waliokuwa pale, chini ya Jenerali Kurt Wahle, walikuwa wameondoka, wakashuka kusini-mashariki kuja upande wetu. Oktoba walipigana Ngominyi, hapa Iringa. Novemba walishambulia Malangali. Na Novemba hiyo hiyo waliizingira Lupembe.

Nilipolisoma jina la Lupembe nilisimama. Ile njia nimeipita tangu utotoni, chai pande zote mbili, na hakuna aliyewahi kunieleza kuwa askari waliotoka Tabora walifika pale na njaa, na vipande vya shaba vya miezi michache tu vikiwa mifukoni mwao. Sikujua hata cha kumuuliza bibi mpaka herufi moja iliponipa swali.

Baada ya hapo niliyarudia mafungu yote ya mezani na kuanza upya, safari hii kwa herufi. Kwenye sarafu za Mwingereza hesabu yake ni nyingine. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima nyuma yake, ilianza 1921. Iliyopigwa London haikuwekwa herufi yoyote. Utupu wenyewe ndio alama. Kazi ilipokuwa nyingi London iligawa kwa viwanda vya watu binafsi vya Birmingham: H ni Heaton, KN ni King's Norton. Shilingi za 1949 na 1950 zipo za aina zote tatu, H, KN na tupu. Ukizipata tatu za mwaka mmoja ukaziweka pamoja, mtu asiyejua atakwambia ni sarafu moja mara tatu.

Halafu kuna I na SA. Nilipozikuta nilishaanza kuuelewa mwendo wa jambo hili, nikaenda moja kwa moja kwenye miaka: shilingi ya 1942 ina I, ya 1944 ina SA, ya 1945 ina SA. Vita tena. Bahari kati ya Uingereza na huku ilikuwa ya hatari, nyambizi za Wajerumani zinazamisha meli, basi baadhi ya fedha zetu zikapigiwa Bombay, zikatiwa I, na Pretoria, zikatiwa SA. Mwaka 1916 pwani ilikuwa imefungwa, ikazaliwa T. Miaka ya arobaini bahari ikawa haipitiki kwa amani, zikazaliwa I na SA. Sasa nikiona herufi ngeni kwenye sarafu ya zamani ya huku kwetu, swali langu la kwanza ni hili: mwaka huo meli zilikuwa zinapita?

Za tundu, senti 5 na senti 10, zina hazina yao nyingine. Tafuta za 1936 na usome jina la mfalme. Ukiona EDWARDVS VIII, umeshika jina la mtu aliyekaa kwenye kiti cha ufalme tangu Januari 20 hadi Desemba 11 mwaka huo, akajiuzulu. Huko kwao Uingereza sarafu zenye kichwa chake hazikuwahi kutolewa zitumike mitaani. Huku kwetu senti zilikuwa na tundu katikati, hazina nafasi ya kichwa, hivyo jina lake lilipigwa na sarafu zikatoka, za London na za H na za KN. Watu wakanunulia chumvi na kiberiti. Ya bibi ni ya senti 10, KN, na ilikuwa ya kwanza kwenye ile kamba ya katani.

Tahadhari moja kwa anayeanza: si kila herufi ndogo ni ya kiwanda. Kwenye sarafu za Mfalme George wa Tano, BM iliyoko kwenye mkato wa shingo ni ya mchongaji wa ile sura, Bertram Mackennal. Nilimkuta kijana amezitenga zake akiamini BM ni Birmingham, nikamwelewa kabisa.

Na zetu wenyewe, zile za kwanza za Benki Kuu mwaka 1966, senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, shilingi yenye Mwenge, Mwalimu akiwa upande wa pili? Hazina herufi. Zilipigwa London, na desturi ya London mnaijua sasa. Nilipokuwa sijaijua niliona utupu ule ni wa kawaida tu. Leo nikiishika sumuni ya sungura huwa naipitisha chini ya lenzi, nikijua sitakuta kitu, na kutokukuta kitu kunaniambia ilikopigwa.

Lipo jambo linaloniuma na nitalisema wazi. Ukijulikana mjini kuwa unapenda sarafu, wanaanza kukujia watu wenye "rupia ya Mjerumani". Wengine wanasema inavuta mchele, wengine inazima simu, wengine kuna tajiri nje ya nchi anaitaka kwa mamilioni, unachotakiwa ni kutoa hela ya kuipima. Alikuja kwangu mzee mmoja, mkulima wa nyanya, na sarafu ya tembo aliyouziwa kwa fedha ya mavuno yake yote. Ilikuwa inameta. Nikamwomba twende naye kwa sonara mwenye mizani. Rupia 15 ya Tabora ni dhahabu ya karati 18, na uzito wake ni gramu 7 na nukta 17 hivi. Ile haikufika hata gramu 5. Chini ya hadubini uso wake ulikuwa na vitundu vitundu kama uji ulioganda, maana yake ilimiminwa kwenye kalibu, haikupigwa kwa muhuri. Herufi T ilikuwepo, safi kabisa, maana aliyeighushi alijua watu wanaitafuta. Mzee aliitazama kwenye kioo cha hadubini, akavua kofia, akakaa kwenye kibenchi cha wateja, hakusema kitu mpaka nikafunga duka.

Kwa ajili yake ndiyo nimeandika haya yote. Sarafu haivuti mchele. Alama yake ni rahisi kusomeka, bei yake inaulizika kwa watu wengi walio wazi, na hakuna mnunuzi wa kweli anayedai alipwe kwanza. Mwenye kopo kama la bibi asiuze kwa mtu anayemharakisha, na asisugue.

Nilizirudisha zile sarafu Lupembe kama nilivyoagizwa, kila moja kwenye bahasha ya karatasi niliyoikunja mwenyewe, maana plastiki laini huitoa sarafu jasho la kijani. Ile ya Tabora nilikuwa nimeipiga picha kupitia lenzi ya hadubini. Nikamwonyesha bibi kwenye simu, T imejaa kioo kizima, pana kama kiganja.

"Tabora," akasema. "Huko nako ni mbali. Imetembea." Akanyamaza akigeuza simu huku na huku. "Mama mkwe wangu alikuwa akisema askari walilala hapa kwenye vita vya Mjerumani, wakala mahindi mabichi shambani. Mmoja akalipa. Wengine hawakulipa."

"Mbona hukuwahi kuniambia, bibi?"

"Hukuuliza."

Kesho yake asubuhi nikaazima ngazi kwa jirani nikapanda juu ya jiko la zamani la babu. Bati limeshika kutu yote, lakini misumari bado ipo, na chini ya kila msumari duara la shaba lililogeuka kijani. Nilikuwa na tochi na kioo kidogo cha mkononi. Nililala kifudifudi, nikamulika kwa ubavuni kama nifanyavyo mezani. Ya kwanza ilikuwa ya 1943, SA, inasomeka vizuri. Ya pili ilikuwa ya 1936, na jina lilikuwa la George, si la Edward. Ya tatu, kutu ya msumari ilikuwa imeenea mpaka kwenye mwaka, na pale ambapo herufi ingekuwa pamefunikwa na kofia ya msumari wenyewe. Bibi alikuwa amesimama chini ananishikia ngazi, akauliza nimeona nini. Msumari ule ungeng'oka kwa koleo dogo tu, lakini mawingu yalikuwa yanashuka na bado wanapikia humo. Nikauacha.